Maswali ya Wasomaji: Runinga Yenye Picha Nzuri na Sauti Inayosikika

Barua zinazotufikia kuhusu ununuzi wa runinga zimekuwa nyingi, na nyingi zinafanana, hivyo safu ya toleo hili tumeiachia jambo hilo peke yake. Tumeanza na swali lililoulizwa na wengi kwa maneno tofauti, na tumelijibu kwa urefu kwa sababu majibu yanayofuata yanalitegemea.

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeweka akiba kwa muda mrefu ili ninunue runinga mpya ya sebuleni. Kila duka ninaloingia naelezwa jambo tofauti. Huyu ananisifia LED, yule QLED, mwingine anasema bila OLED nitakuwa nimepoteza pesa zangu, na wote wananihimiza nichukue 4K au hata 8K. Mimi ninachotaka ni picha nzuri isiyochosha macho. Nianze kwa kutazama nini? – Baba wa Watoto Wanne

JIBU: Ndugu yetu, ziweke kando kwanza herufi zote hizo na uipime runinga kwa kigezo kimoja ambacho wauzaji hawakitaji mara nyingi: je, inaweza kuonyesha weusi uliokolea kweli? Mafundi wa picha huliita jambo hilo kontrasti, yaani tofauti iliyopo kati ya sehemu yenye giza zaidi na sehemu yenye mwanga zaidi ndani ya picha moja. Jicho la mwanadamu huihisi tofauti hiyo upesi kuliko linavyohisi wingi wa nukta za picha. Ndiyo maana runinga mbili zenye idadi sawa ya nukta hizo, ziitwazo pikseli, zikiwekwa pamoja, moja inaweza kuonekana ina kina, watu na vitu vikijitenga vizuri na mandhari yao, ilhali nyingine inaonekana bapa na yenye ukungu wa kijivu hata kama rangi zake ni kali.

Sasa turudi kwenye zile herufi. Runinga inayouzwa kwa jina la LED ni runinga ya fuwele kioevu, yaani LCD, na neno LED linaeleza tu aina ya taa zilizowekwa nyuma ya kioo chake. Fuwele hizo hazitoi mwanga wowote. Kazi yake ni kuuzuia au kuuruhusu mwanga wa taa za nyuma, na hakuna kioo cha aina hii kinachoweza kuuzuia mwanga wote. Mwanga unaovuja ndio unaolifanya anga la usiku katika filamu lionekane la kijivu. QLED nayo ni LCD ileile, ila imeongezewa utando wa chembe ndogo mno ziitwazo nukta za kwanta, ambazo hupokea mwanga wa buluu wa taa na kuugeuza sehemu yake kuwa mwekundu na kijani safi. Ugunduzi na utengenezaji wa chembe hizo uliwapatia wanasayansi Moungi Bawendi, Louis Brus na Aleksey Yekimov Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2023, na faida yake kwa rangi ni ya kweli kabisa. Hata hivyo, nukta za kwanta hazina uwezo wa kukoleza weusi, kwa hiyo herufi Q peke yake haikuhakikishii picha nzuri. OLED ni teknolojia nyingine kabisa: hakuna taa ya nyuma, bali kila pikseli hutoa mwanga wake yenyewe, na pale picha inapotaka giza pikseli hiyo huzimika. Kwa upande wa weusi hakuna LCD inayoifikia.

Hata miongoni mwa LCD zenyewe tofauti ni kubwa. Vioo vinavyoitwa VA kwa kawaida huwa na kontrasti ya takriban 3,000 kwa moja au zaidi, yaani weupe wake una mwanga mara elfu tatu ya weusi wake, wakati vioo vya IPS huwa karibu na 1,000 kwa moja. Ubaya wa VA ni kwamba anayekaa pembeni huiona picha ikififia rangi, na ubora wa IPS ni kwamba walioketi kando hawapotezi kitu kikubwa. Familia inayojipanga kwenye makochi ya pande tatu za sebule ina sababu ya kuitafuta IPS; familia inayokaa mbele ya runinga itanufaika zaidi na VA. Ni taarifa muhimu kuliko nyingi zilizochapishwa kwenye katoni, na inasikitisha kwamba watengenezaji wengi hawaiandiki. Njia rahisi ya kujua ni kusogea pembeni dukani huku ukiitazama picha: rangi zikipauka baada ya hatua chache tu, yaelekea kioo hicho ni VA.

Jambo la pili la kuulizia katika LCD ni mahali zilipo taa. Runinga nyembamba mno huwa na taa pembezoni tu, na mwanga husambazwa kwa karatasi maalumu hadi katikati, hivyo pembe za picha mara nyingi hung'aa kuliko inavyotakiwa. Nyingine zina taa zilizotandazwa nyuma ya kioo chote, na zile zilizo bora zaidi zimezigawa taa hizo katika kanda zinazoweza kupunguzwa mwanga kila moja kivyake, ili upande wenye usiku ufifie wakati upande wenye mwezi unang'aa. Kadiri kanda zinavyokuwa nyingi ndivyo kazi hiyo inavyofanyika kwa ustadi, na runinga zinazoitwa mini-LED zimetumia taa ndogo sana ili ziweze kuwa na mamia au hata maelfu ya kanda. Zikiwa chache, utaona duara la mwanga likiyazunguka maandishi meupe yaliyo juu ya weusi, jambo linaloudhi sana kwa wanaosoma tafsiri za filamu chini ya skrini.

OLED si kamilifu pia. Haiwezi kuijaza skrini nzima weupe mkali kama LCD iliyo bora, hivyo sebule yenye madirisha makubwa na jua la mchana huipunguzia uzuri wake. Aidha, pikseli zake huchakaa kwa kutumika, na picha isiyobadilika mahali pamoja, kwa mfano nembo ya kituo au utepe wa habari unaobaki chini ya skrini kwa saa nyingi kila siku na kwa miezi mingi, inaweza kuacha kivuli cha kudumu. Anayetazama vipindi vya aina mbalimbali hana sababu ya kuogopa sana. Anayeacha kituo kimoja cha habari kikiwaka tangu asubuhi hadi usiku tungemshauri achukue LCD.

Kisha kuna HDR, ambayo ni njia ya kutengeneza na kuonyesha picha zenye upeo mpana zaidi wa mwanga na rangi. Picha za kawaida huandaliwa studioni kwa mng'ao wa kilele wa niti 100, niti ikiwa ni kipimo cha mng'ao, yaani kandela moja kwa kila mita ya mraba, lakini picha za HDR mara nyingi huandaliwa kwa niti 1,000, na hubeba biti 10 za kila rangi ya msingi, yaani ngazi 1,024 badala ya 256. Tofauti hiyo ikionyeshwa na kioo chenye uwezo huwa kubwa mno: jua linalozama huwaka bila kuyameza mawingu yaliyo karibu nalo. Tatizo ni kwamba runinga inaweza kuandikwa HDR kwa sababu tu inaipokea ishara hiyo, ingawa kioo chake hakina mng'ao wa kutosha wala kanda za taa za kuitendea haki, na matokeo yake picha ya HDR ikawa nyeusi na hafifu kuliko ya kawaida. Ukiambiwa runinga ina HDR, uliza mng'ao wake wa kilele ni niti ngapi. LCD isiyofika niti 500 hivi haitakupa faida ya maana, na inayovuka 1,000 ikiwa na kanda nyingi itakufurahisha. Majina HDR10, HDR10+, Dolby Vision na HLG ni miundo tofauti ya kitu hichohicho, na HLG ndiyo iliyobuniwa na BBC ya Uingereza na NHK ya Japani kwa ajili ya matangazo ya moja kwa moja. Usiache runinga yenye kioo bora kwa sababu tu imekosa mojawapo ya majina hayo.

Wingi wa pikseli tumeuweka mwisho kwa makusudi. Full HD ina pikseli 1,920 kwa 1,080, takriban milioni 2. 4K ina 3,840 kwa 2,160, zaidi ya milioni 8. Na 8K ina 7,680 kwa 4,320, kama milioni 33. Kwa runinga kubwa 4K sasa ndiyo ya kawaida, hivyo utaipata bila kuitafuta. Kuhusu 8K hatuna shaka yoyote: vipindi vilivyotengenezwa kwa kiwango hicho ni vichache mno, na kwa umbali ambao watu hukaa majumbani jicho haliwezi kuitambua tofauti yake na 4K. Pesa ya ziada unayoombwa kwa ajili ya 8K ipeleke kwenye kioo chenye weusi ulio bora, au kwenye sauti.

Kwa sebule yako basi, kama mnatazama zaidi mchana na mwanga ni mwingi, tafuta LCD yenye taa za nyuma zilizogawanywa katika kanda, ikiwezekana mini-LED. Kama mnatazama zaidi usiku na mnaweza kupunguza taa, OLED itawapa picha ambayo hamtaichoka. Kama akiba haifiki huko, chukua LCD ya kawaida yenye kioo cha VA na taa zilizotandazwa nyuma, hata kama ni nene kidogo, badala ya ile nyembamba yenye taa za pembeni. Wembamba haumsaidii mtazamaji kwa lolote, na kama jibu letu la tatu litakavyoonyesha, unamdhuru.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu. Kochi langu liko mita tatu kutoka ukutani panapokaa runinga, na muda mwingi natazama taarifa ya habari na mijadala kupitia king'amuzi cha zamani. Vijana wangu wanataka kuninunulia inchi 75. Je, si kubwa mno? Na je, itaniumiza macho? – Mwalimu Mstaafu

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Ukubwa hauumizi macho. Kinachoyachosha ni mwanga mkali ndani ya chumba chenye giza, na kukazia macho maandishi madogo kwa muda mrefu bila kuyapumzisha. Kwa hiyo swali linabaki moja tu: picha itachukua nafasi kiasi gani mbele ya macho yako?

Kanuni inayotumiwa sana ni kwamba skrini ifunike takriban digrii 30 za upeo wa macho, na wapenzi wa filamu huenda hadi digrii 40. Hesabu yake si ngumu. Chukua kipimo cha runinga kutoka pembe hadi pembe, ukizidishe kwa 1.6, na utapata umbali wa digrii 30. Ukizidisha kwa 1.2 utapata umbali wa digrii 40. Inchi moja ni sentimita 2.54, kwa hiyo runinga ya inchi 75 ina sentimita 190, na umbali wake wa digrii 30 ni kama mita tatu na kidogo. Vijana wako hawakukosea hesabu.

Lakini hesabu hiyo inachukulia kwamba picha inayoingia ni nzuri, na hapo ndipo king'amuzi chako cha zamani kinapoleta mgogoro. Kama kinatoa picha ya kiwango cha chini, yenye mistari 576 au 480 tu, runinga italazimika kuikuza hadi mistari 2,160, na kila kasoro itakuzwa pamoja nayo. Kwenye inchi 75 nyuso za watangazaji zitaonekana zimelainika, na kingo za maandishi zitakuwa na madoa. Tungekushauri inchi 55, au 65 iwapo king'amuzi nacho kitabadilishwa kwa kile cha HD, jambo ambalo kwa mtazamaji wa habari huleta nafuu kubwa kuliko runinga yoyote. Kwa umbali wa mita tatu, mtu mwenye macho ya kawaida hawezi kuzitenganisha pikseli za runinga ya inchi 55 hata ikiwa ni Full HD, kwa sababu uwezo huo hufikia mwisho wake karibu na mita mbili na robo.

Tafadhali waombe vijana wasiifunge runinga juu ukutani. Unapokuwa umeketi, macho yako yawe sawa na katikati ya skrini au juu yake kidogo. Runinga iliyotundikwa juu huichosha shingo, na kama kioo chake ni VA, hata rangi hubadilika kwa anayeitazama kutoka chini.

SWALI: Katika runinga yetu mpya muziki wa filamu unatikisa nyumba, lakini watu wakianza kuzungumza hatusikii wanachosema. Mama mkwe wangu ninayeishi naye anataka sauti iongezwe, ukija mlio wa bunduki watoto wanaamka. Runinga yetu ya zamani yenye kisogo kirefu haikuwa na shida hii. Imeandikwa wati 20. Je, ninunue yenye wati zaidi? – Mama wa Nyumba

JIBU: Dada yetu, swali lako linastahili kurasa nyingi, kwa sababu wanaolalamikia sauti ni wengi kuliko wanaolalamikia picha, na bado ni wachache wanaoisikiliza runinga kabla ya kuilipia.

Runinga ya zamani ilikuwa na sanduku kubwa lenye hewa ndani, na spika zake zilielekea usoni mwa mtazamaji. Spika inahitaji nafasi ya hewa nyuma yake na utando wenye upana wa kutosha ili itoe sauti nene. Runinga ya leo ina unene wa sentimita chache na fremu nyembamba kama uzi, hivyo mtengenezaji amebanwa kuweka spika ndogo zinazoelekea chini au nyuma. Sauti hugonga meza au ukuta kwanza, ndipo ikufikie, na katika mgongano huo kinachopotea mapema ni konsonanti kama s, f, t na k, ambazo zimo katika masafa ya juu na ndizo zinazoyatofautisha maneno. Masikio ya wazee nayo hupoteza uwezo wa kusikia masafa hayohayo kabla ya mengine. Mama mkwe wako anasikia kwamba watu wanazungumza. Asichokipata ni maneno yenyewe.

Chanzo cha pili kimo kwenye filamu. Sauti za filamu nyingi hutengenezwa kwa chaneli sita, yaani njia sita za sauti zilizotengwa kila moja kwa spika yake, ziitwazo 5.1: tatu mbele, mbili za kando au nyuma, na moja ya besi. Mazungumzo huwekwa zaidi katika chaneli ya katikati. Runinga yenye spika mbili hulazimika kuzikunja chaneli zote ziwe mbili, na maneno hujikuta yamechanganyika na muziki na milipuko. Juu ya hayo, mafundi wa filamu huacha pengo kubwa kati ya mnong'ono na mlipuko, kwa kuwa wanafikiria ukumbi wa sinema.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya runinga. Zima kitu chochote kinachodai kuzungusha sauti chumbani, kwani mara nyingi hicho ndicho kinachoyatawanya maneno. Washa mpangilio wa kukuza mazungumzo, ambao huinua masafa ya sauti ya binadamu, na ule wa usiku, ambao hupunguza milipuko na kuinua minong'ono. Katika king'amuzi au kifaa cha filamu, chagua sauti ya stereo badala ya ile ya chaneli nyingi. Iondoe runinga ndani ya kabati kama imo, na kama inakaa mezani, isogeze hadi ukingo wa mbele. Chumba chenye sakafu tupu na kuta tupu huirudisha sauti mara nyingi. Zulia zito na mapazia hupunguza mwangwi huo kwa kiasi ambacho mtu asiyejaribu huona vigumu kukiamini.

Kuhusu wati, jibu letu ni hapana. Kuongeza wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, ongezeko ambalo sikio hulihisi lakini haliliiti kubwa, na wati nyingi zinazopitia spika mbovu iliyoelekea nyuma huzidisha kelele bila kuongeza maneno.

Mipangilio ikishindwa, nunua spika ndefu ya kuweka mbele ya runinga, ile ambayo wauzaji huiita saundibaa, lakini hakikisha ina chaneli tatu za mbele, yaani imeandikwa 3.1 au 5.1. Zilizoandikwa 2.0 na 2.1 hazina spika ya katikati, na sabufa inayokuja na 2.1 inaweza hata kukuzidishia tatizo ulilonalo kwa sababu inachoongeza ni besi. Ile yenye spika ya katikati hukuruhusu kuinua mazungumzo peke yake na kuiacha milipuko ilipo, na kwa nyumba yako hicho ndicho unachokitafuta. Iunganishe kwa waya wa HDMI kwenye tundu lililoandikwa ARC au eARC, ambalo huitoa sauti ya runinga na kuipeleka kwenye spika. ARC ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009 na inatosha kwa sauti za filamu za mtandaoni. eARC, iliyokuja na HDMI 2.1, hupitisha pia sauti isiyobanwa na hushughulikia vizuri zaidi ulinganifu wa midomo na maneno. Waya wa mwanga (optical) nao utafaa kama tundu la ARC halipo, ila utahitaji rimoti ya pili. Bluetooth iwe ya mwisho kabisa, maana huichelewesha sauti kiasi kwamba midomo hufunga kabla ya maneno kufika.

Kwa wasomaji ambao bado hawajanunua, tunasema hivi: kama pesa yenu inatosha runinga ya inchi 65 bila kitu kingine, chukueni 55 iliyo bora na tofauti iwe ya spika. Na mkiwa dukani, msikubali kuonyeshwa kanda ya muziki. Ombeni taarifa ya habari au mchezo wa kuigiza, sauti iwe ya chini kama ya usiku nyumbani, kisha mwone kama maneno yanashikika.

SWALI: Nikitazama mpira, mpira ukipigwa mbali unaacha mkia nyuma yake, na wachezaji wakikimbia wanakuwa na ukungu. Muuzaji aliniambia runinga ina kasi ya 200. Tatizo ni nini? – Mpenda Soka

JIBU: Namba kubwa za aina hiyo mara nyingi ni za matangazo. Kasi ya kweli ya kioo hupimwa kwa hezi, yaani picha ngapi kinaweza kuonyesha kwa sekunde, na vioo vingi ni vya hezi 60 au 120. Kioo cha hezi 60 huongezewa ujanja wa kuwashawasha taa za nyuma, kisha kinapewa jina lenye namba kubwa. Uliza kasi halisi ya kioo, na kwa mpira itafute 120.

Mkia unaouona una sababu mbili. Ya kwanza ni fuwele zinazochelewa kubadilika kutoka rangi moja hadi nyingine, na kasoro hii huonekana zaidi kwenye VA za bei ya chini wakati kitu chenye giza kinaposogea. OLED karibu haina ucheleweshaji huo. Ya pili imo ndani ya jicho: katika runinga ya hezi 60 kila picha husimama kwa takriban milisekunde 17, lakini jicho lako linaendelea kuufuata mpira, na picha iliyosimama mbele ya jicho linalosogea hutandazika. Runinga ya hezi 120 huweza kutunga picha za kati na kuupunguza muda huo. Uuweke mpangilio huo kwenye kiwango cha chini kwa ajili ya mpira, na uuzime kabisa kwa filamu, ambazo hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde na huharibika zikilainishwa. Kwa filamu faida ya 120 ni nyingine: 24 inaingia ndani yake mara tano kamili, wakati 60 haigawanyiki kwa 24, na kamera inapogeuka polepole picha hutetereka.

Ila kama nyasi za uwanja nazo zinageuka madoa ya kijani kila kamera inapokimbia, kosa si la runinga yako. Kituo au mtandao umeibana picha kupita kiasi, na hakuna kioo kinachoweza kurudisha kilichokwisha kutupwa.

SWALI: Runinga niliyoiona dukani ilinivutia mno, lakini ileile nyumbani imekuwa ya kawaida. Je, nimebadilishiwa? – Msomaji wa Siku Nyingi

JIBU: Yaelekea hukubadilishiwa. Runinga za madukani huwekwa kwenye mpangilio wa maonyesho, wenye mng'ao wa juu kabisa na rangi zilizotiwa chumvi ili zishindane na taa kali za duka, na hulishwa kanda maalumu ya 4K ambayo haina sehemu ngumu. Nyumbani imeingia kwenye mpangilio wa kubana umeme, na inapokea picha ya king'amuzi.

Zima ubanaji wa umeme angalau usiku mmoja ulinganishe. Chagua mpangilio wa sinema, au ule uitwao Filmmaker Mode kama upo, ambao ulitangazwa na muungano wa UHD Alliance mwaka 2019 kwa lengo la kuzima maboresho ya bandia kwa kitufe kimoja. Siku mbili za kwanza weupe utakuonekania una umanjano. Vumilia, kwa kuwa macho yamezoea ubuluu wa dukani; ngozi za watu ndizo zitakazokuonyesha kwamba rangi hizi ndizo sahihi. Ukali wa kingo upunguze hadi karibu na sifuri, maana hauongezi chochote ambacho hakikuwamo ndani ya picha. Ukitazama 4K kwa intaneti, hakikisha unapata megabiti 15 kwa sekunde au zaidi muda wote wa filamu, kwani kasi ikishuka, picha hushushwa kiwango bila wewe kuambiwa. Waya wa HDMI wa bei ya juu hauhitajiki. Ukipitisha picha bila kukatika, umekwisha kutimiza kazi yake.

SWALI: Nimepata OLED iliyotumika kwa bei nafuu. Nikaikague vipi? – Mnunuzi Mwangalifu

JIBU: Nenda na flashi yenye picha tupu za rangi moja moja: kijivu hafifu, nyekundu, njano, buluu na nyeupe. Chumba kiwe na giza. Onyesha kila rangi ikiwa imejaza skrini nzima na utazame kwa makini pembe za juu, ambako nembo za vituo hukaa, na ukanda wa chini wa habari. Kivuli cha herufi kikionekana kwenye nyekundu au njano, pikseli zimekwisha kuchakaa na hakuna fundi atakayezirudisha. Mistari myembamba ya wima kwenye kijivu hafifu, kwa upande mwingine, huwapo hata katika OLED mpya na si sababu ya kukataa. Baada ya hapo jaribu kila tundu la HDMI kwa kifaa kinachofanya kazi, sikiliza spika zote mbili kwa sauti ya mtu anayezungumza, kisha uzime runinga kabisa na kuiwasha tena kabla ya kutoa pesa.